Tachi endi go

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na mitatu. Hata sasa nimestaafu, pale Njoro ninapoishi watu bado wananiita Madamu. Mwenye genge ananiita Madamu huku ananichagulia nyanya zilizolainika. Mtu akikosea Kiingereza karibu yangu, mdomo unaniwasha mpaka nimsahihishe, awe padri, awe kondakta. Ndivyo nilivyo, msinichukie.

Neno touch nilikuwa nalifundisha kidato cha kwanza, wiki ya pili, pamoja na kuona, kusikia, kunusa na kuonja. Lilikuwa linanichukua dakika tano. Nagusa dawati, nasema touch. Wanagusa madawati, wanasema tachi. Tumemaliza, tunaendelea na pua. Baadaye wanalikuta mtaani limeshazaa: simu ya tachi, ritachi ya nywele, mshambuliaji mwenye tachi nzuri. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kufunga barua ya Kiswahili kwa maneno "tuendelee kugusana," eti anatafsiri keep in touch, na barua yenyewe ilikuwa inakwenda kwa mkuu wa shule. Nilimcheka muhula mzima, tena mbele ya wenzake. Leo ningemwomba radhi, kwa sababu neno hilohilo lilikuja kunikalisha chini kwenye sakafu ya hospitali, mimi na madigrii yangu.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa kike. Yeye hakusoma sana. Aliolewa hukohuko kwetu Kibosho, na baba alipofariki alimchukua mama akae naye. Ng'ombe, migomba, mama, yote yalikuwa juu ya mgongo wake, mimi nikiwa mjini na chaki yangu. Mpaka mwaka jana, mimi na yeye tulikuwa hatujagusana kwa miaka tisa.

Sijasema hatukuongea. Tuliongea. Nilipanda Krismasi kama watu wote, nikala machalari yake, zile ndizi za nyama, nikasifia. Nikifika, yeye anakuwa ameshika beseni kwa mikono miwili. Nikiondoka, mimi nakuwa na kikapu huku na mwavuli huku. Majirani walituona tunacheka pamoja wasijue kitu. Lakini mkono sikumpa, na yeye hakunipa.

Ilianza siku tunamzika baba. Wiki ile ya mwisho ya baba, mdogo wangu alinipigia simu siku tatu mfululizo, na mimi nilikuwa nasimamia mitihani, simu nimezima. Nilipofika, baba alikuwa ameshalazwa kwenye jeneza sebuleni. Mdogo wangu hakulia aliponiona. Alinitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya shangazi zetu, "Umekuja kumzika baba, au umekuja kuonekana?" Jamani, niliumia. Lakini alikuwa na haki.

Tulipotoka makaburini mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka husikii la mtu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anatoka upande wa jikoni walikokuwa wanapika akina mama, sweta limelowa chapachapa, amesimama chini ya mchirizi kama mtu asiyejua aende wapi. Nikasema liwalo na liwe. Nikamwendea, nikamshika begani nimvute kifuani. Akaruka! Akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake, uso umemkunjamana, akasema, "Usiniguse mpaka nife!" Halafu akakimbilia kwenye migomba. Mimi jioni ileile nikashuka mjini. Kabla ya kushuka niliingia chumbani kwa mama, alipokuwa amelala na kanga usoni, nikamwambia neno kwa neno alichosema mwanawe. Mama alifunua kanga, akasema, "Basi usimguse."

Kwetu, neno linalosemwa siku ya kuzika, udongo wa kaburi bado mbichi, halichukuliwi kama neno la sokoni. Mimi ni Mkatoliki, rozari yangu ipo chini ya mto, lakini nawaambia ukweli: niliogopa. Niliigeuzageuza ile sentensi kama nilivyokuwa nawafundisha watoto kugeuza sentensi. Usiniguse mpaka nife. Yaani siku utakaponigusa, nitakuwa nimekufa. Yaani ukinigusa, nitakufa. Kila nikiigeuza inazidi kuwa mbaya. Kwa miaka tisa nilikuwa naficha mikono yangu mbele ya mdogo wangu kama mtu mwenye ukoma, na si kwa hasira. Hasira ilinitoka ndani ya mwezi mmoja. Ilikuwa ni woga mtupu.

Mwaka jana, masika yakiwa yamechachamaa, simu ililia nikiwa naanua nguo. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtu wa maneno machache hata akiwa amefurahi. Akasema, "Dada, njoo hospitali. Mdogo wako wamempasua jana."

"Wamempasua nini? Jana! Mbona hamkuniambia?"

"Utumbo ulijisokota. Tulidhani ni kidogo. Homa haishuki, dada. Njoo tu."

Sikumbuki nilivyovaa. Nilifika wodini na viatu ambavyo havifanani. Mdogo wangu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, macho yamefumbwa, midomo imepauka, mpira mmoja unaingia puani na mwingine mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, kitambaa kichwani, rozari inakwenda. Mama yangu amepita miaka themanini, lakini masikio yake ni ya sungura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Simama hapo hapo."

Nikasimama mwisho wa kitanda, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Nesi akapita na kikombe, akasema, "Mgonjwa wa kitanda cha pili hajagusa hata uji tangu asubuhi." Nikajikuta nimeshtuka kwa sababu ya neno gusa. Hapo ndipo nilipojua nimeshaharibika kichwa.

Daktari akaja. Kijana mdogo, mpole, wa wale wanaochanganya lugha kwa sababu vitabu vyao vyote ni vya Kiingereza. Akatuamkia vizuri, akatazama faili, akaminya midomo. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema, "Mama, siwezi kukudanganya. Kwa saa ishirini na nne hizi ni touch and go."

Mimi nilimwelewa, moyo ukashuka mpaka kwenye vile viatu visivyofanana. Alikuwa anasema hali ni ya kubahatisha, anaweza kuvuka, anaweza asivuke. Lakini mama aliacha kuhesabu rozari. Alininyaka mkono, kucha zikaingia kwenye ngozi.

"Umemsikia? Hata daktari anajua."

"Anajua nini, mama?"

"Tachi endi go," mama akasema, taratibu, kila neno peke yake. "Ukimgusa, anakwenda."

Hapa inabidi nieleze Kiingereza cha mama yangu, maana hakikutoka shuleni. Akiwa msichana mdogo wa Kibosho, kabla hajaolewa, mama alifanya kazi za ndani kwa wazungu wa misheni. Alijifunza maneno kama kumi na tano, yote ya amri: kamu, washi, kwiki, go. Na lile alilolisikia kuliko yote lilikuwa donti tachi. Usiguse kinanda, usiguse vikombe vya bluu, usiguse saa ya ukutani. Ipo hadithi aliyotusimulia utotoni, mimi na mdogo wangu tukiwa tumejifunika blanketi moja. Kulikuwa na msichana mwenzake aliyeigusa ile saa. Aliigusa tu, kwa kidole, aone kama ina joto. Saa ikasimama. Mama wa nyumba akaja, akaitazama saa, akamtazama msichana, akanyoosha mkono mlangoni akasema go. Yule msichana aliondoka na kifurushi chake mchana uleule, na kabla ya mavuno habari zikaja kwamba amefariki kwao. Kwa mama, tachi na go havikuwa maneno ya kujifunzia. Alishaona kwa macho yake likija moja, likifuatwa na jingine.

"Mama, sivyo," nikamwambia kwa sauti ya Madamu. "Huo ni msemo tu. Maana yake ni kwamba bado haijulikani."

"Mdogo wako mwenyewe alisema. Na sasa daktari amesema. Wewe unataka wa tatu aseme nani, Mungu?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Miaka yote hiyo nimesahihisha watu ambao sikuogopa wanachosema. Huyu nilimwogopa, kwa sababu chini kabisa ya moyo nilikuwa nakubaliana naye.

Jioni shemeji alimrudisha mama Kibosho akalale, mimi nikaenda kwangu, nikatoa kamusi yangu. Ni kubwa, jalada limeng'oka, ni ile aina inayokueleza na neno lilikozaliwa. Nilikaa nayo jikoni kama mtu anayetafuta dawa ndani ya kabati. Ikasema touch limetoka kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kwa watu wa Kilatini cha mitaani, na kwa wale lilikuwa na maana ya kugonga. Wataalamu wanadhani lilianza kama mlio tu, tok, wa kifundo cha kidole kwenye ubao. Sisi tungesema ngo, ngo, ngo. Nikalipenda hilo. Kwamba mtu wa kale akikugusa, alikuwa anakupigia hodi.

Lakini sikuishia hapo, na afadhali ningeishia. Nikafunua contact. Kumbe contact na lile neno la kutisha la madaktari, contagion, maambukizi, ni watoto wa mama mmoja. Yote yametoka kwenye neno la Kilatini la kugusa. Mgusano na ugonjwa vimenyonya ziwa moja! Nikaifunga kamusi kwa nguvu, nikanawa mikono, sijui kwa nini.

Chai ilipopoa nikaifungua tena, mahali pa touch and go. Hapo nikasoma mara tatu. Wengine, ilisema, wanadhani msemo ulitoka kwa mabaharia: meli inapita kwenye maji haba, tumbo lake linagusa chini, haikwami, inaendelea na safari. Wengine wanasema ni magari ya farasi, gurudumu linakwaruza gurudumu la mwenzake na yote mawili yanapita. Kwa hiyo go siyo kufa. Go ni kupita. Ni kugusa kitu kibaya na kuendelea na safari. Nilifurahi peke yangu pale jikoni kama mwehu, nikasema kesho namweleza mama.

Kesho yake nilipanda na shemeji kumfuata mama. Alikuwa getini tayari, amevaa sweta mbili, na mkononi ana jani la isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, amelifunga fundo. Mchagga akikuletea isale lenye fundo, anakuomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Akanipa bila salamu.

"Utampa hili," akasema. "Isale siyo mkono. Shika mwisho huku, yeye atashika mwisho kule."

Nililichukua.

Barabara ya Kibosho masika mnaijua, na kama hamuijui, shukuruni. Pikapu ya shemeji iko chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Tuliposhuka kwenye kona moja yenye mawe, tumbo la gari likasuguana na jiwe, krrrr, mpaka meno yakauma. Mama akamwita Bikira Maria. Gari likatikisika, likapita.

"Limegusa kidogo," shemeji akasema. "Limepita."

Nikasema hii hapa, Mungu mwenyewe ameniletea somo. Nikamgeukia mama. "Umeona? Hiyo ndiyo touch and go. Limegusa jiwe, limekwenda. Daktari ndicho alichosema. Mdogo wangu amegusa jiwe."

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mjinga aliyevaa vizuri.

"Na lisingepita?" akauliza.

Nikageukia dirisha, nikalishika lile jani mpaka tukafika lami.

Tulipofika wodini, kitanda cha mwisho kilikuwa kinasukumwa. Daktari yule mpole alitukuta mlangoni, akasema kidonda cha ndani kimevuja, wanamrudisha chumba cha upasuaji sasa hivi, hakuna muda. "Muageni haraka," akasema. Sidhani kama alijua uzito wa alichosema. Muageni!

Mdogo wangu alikuwa macho. Alimwangalia mumewe, akamwangalia mama, mama akambusu kichwani. Halafu akanitafuta mimi. Nikasogea, nikanyoosha lile jani, nimeshika ncha yake kwa vidole viwili. Alilitazama. Akanyanyua mkono, ule usio na sindano, akaupitisha juu ya jani bila kulishika, ukaja moja kwa moja kwenye mkono wangu. Alikuwa anataka mkono.

Nikauvuta wangu nyuma.

Sikufikiri. Mkono ulirudi wenyewe, kama unavyorudi ukigusa sufuria la moto. Miaka tisa ilikuwa imeuzoesha. Jani likaanguka, gurudumu la kitanda likapita juu yake, na mdogo wangu akashusha mkono wake taratibu kwenye shuka. Alifumba macho. Nesi akasema, "Mama, majani hayaruhusiwi humu," kisha mlango ukajifunga.

Tulikaa kwenye benchi watatu. Nilikuwa nimeliokota jani, lina alama ya gurudumu katikati. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mama alikuwa anasali, na mara moja alinipigapiga goti, akasema, "Umefanya vizuri." Kila nikifumba macho nauona ule mkono unashuka kwenye shuka. Nikawa najiambia, akitoka hai, ni kwa sababu sikumgusa. Halafu najiambia, akifa, atakuwa amekufa akijua dada yake amemnyima mkono. Mungu wangu. Sijui nilikaa saa ngapi kati ya hayo mawili.

Mlango ukafunguliwa. Nesi mwingine, ambaye hatukuwahi kumwona, barakoa bado usoni, akaangaza macho kwenye mabenchi. "Ndugu wa yule mama wa Kibosho?"

Tukasimama.

"Ametoka," akasema.

Mama akasikia ametutoka. Na mimi pia, Mungu anisamehe, mimi mwalimu wa lugha, nikasikia ametutoka. Mama aliachia yowe ambalo lilikwenda mpaka mwisho wa korido na kurudi, akaenda chini. Wanawake wawili wa benchi la pili, tusiowajua, wakaanza kulia pamoja naye kwa ukarimu. Shemeji akashika ukuta. Mimi sikulia. Nilisimama na jani langu, nikifikiri jambo moja tu: amekufa, na sikumgusa. Kumbe kutomgusa hakukuzuia kitu. Nimemnyima mkono wangu bure.

"Jamani! Jamani, akina mama!" Nesi alivua barakoa. "Ametoka chumba cha upasuaji! Mzima! Anapelekwa wodini! Mbona mnanitia woga?"

Sasa ninaweza kucheka. Siku ile nilikaa chini sakafuni kando ya mama, tukashikana, tukatetemeka mpaka sketi yangu ikapata vumbi lote la korido. Wale wanawake wawili wakafuta machozi, wakatupa pole na hongera kwa pamoja.

Tulimkuta kwenye kitanda chake, dawa ya usingizi bado haijamwisha. Shemeji alitoka kwenda kutafuta maji. Nikasimama, safari hii si mwisho wa kitanda, ubavuni. Mama aliniona.

"Mwanangu," akasema. "Usi..."

"Mama, nimeshamwona akifa leo," nikamwambia. "Niliona alivyokufa bila mimi kumgusa."

Mama akafunika macho kwa kanga. Na mimi sikuwa shujaa, msidhani. Niliunyoosha mkono kama mtu anayeutia ndani ya mzinga wa nyuki, nikauweka juu ya mkono wake wa karibu, ule wa sindano, ambao sikuona kwamba umevimba.

Mdogo wangu akaruka. Uso ukamkunjamana. Akapiga kelele, akasema, "Usiniguse, nitakufa!"

Mama akapiga ukunga ndani ya kanga. Mimi nikaondoa mkono, lakini sikukimbia. Kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa ileile ya nyuma ya nyumba, ya siku ya mvua, na safari hii hakukuwa na mabati yanayopigwa wala moyo wangu wenye hatia wa kunisikilizia. Usiniguse, nitakufa. Watoto wote wa Kibosho wanasema hivyo wakichomwa na mwiba. Ni kilio cha mtu anayeumia. Na ndiyo maneno aliyoyasema siku ile. Ile "mpaka" niliiweka mimi. Niliisikia kwa sababu ndiyo niliyoistahili, nikampelekea mama, mama akaitunza.

"Panauma wapi?" nikamuuliza.

"Mkono huo, dada. Sindano. Umevimba." Alikuwa anaongea akiwa bado amefumba macho.

"Na siku ile?" Nilimwinamia. "Tulipomzika baba. Nilipokushika bega. Palikuwa panauma wapi?"

Alilamba midomo iliyokauka.

"Bega," akasema. "Sufuria la chai la msibani lilinimwagikia. Ukaja ukashika hapohapo."

Mama alishusha kanga. "Si lile kovu? Mimi ndiye niliyempaka asali wiki tatu." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu anaogopa kitu alichokifanya yeye mwenyewe. "Lakini wewe uliniambia amesema mpaka nife."

Ule unyevu wa sweta haukuwa wa mvua. Ilikuwa chai. Nilisimama mbele ya mdogo wangu anaungua, nikafikiri juu yangu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka tisa yote!"

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema.

Nikakizunguka kitanda. Nikamuuliza nishike wapi, akanisogezea mkono wa upande wa pili, ule nilioukwepa asubuhi. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa na joto la homa, una sugu za jembe, na ulikuwa umekonda sana, na mimi sikujua umekonda lini.